Tumenunua Spika, Hatukumfundisha Fundi

Umbali kati ya neno "atalipwa" na neno "hatalipwa" ni pumzi moja. Sauti inayobeba ukanushi huo, yaani "h", ni miongoni mwa sauti dhaifu kabisa katika usemi wa binadamu: hewa inayopita kooni bila mtetemo wa nyuzi za sauti. Mpeleke mkuu wa idara kwenye uwanja wa kijiji, mpe kipaza sauti kilichofungwa vibaya, mwache aeleze wananchi mia nne ni nani atalipwa fidia ya shamba lake na nani hatalipwa, kisha uwaulize wale walioketi chini ya mwembe wa nyuma wamesikia nini. (Nawaacha kando wenzetu ambao lahaja zao huidondosha "h" hata katika chumba kimya, hao wana mjadala wao.) Watu watarudi makwao na habari mbili zinazopingana, na wiki inayofuata tutaambiwa kuwa wananchi wa eneo lile "wamepotoshwa na wanasiasa".

Nimehudhuria mikutano ya namna hiyo kwa miaka mingi, mingine nikiwa mtafiti, mingine nikiwa raia tu mwenye kiwanja. Katika mmoja, ambao sitautaja mahali pake, spika zilipiga mluzi kwa karibu nusu ya muda wa hotuba. Kijana aliyekuwa nyuma ya mitambo alifanya kile alichokijua: kila mluzi ulipoanza alishusha sauti yote, na kila watu walipolalamika kuwa hawasikii aliipandisha yote. Alikuwa akihangaika kama nahodha anayepigana na usukani uliokatika. Mwenyekiti alimgombeza hadharani mara mbili. Hakuna aliyeuliza kijana yule alifundishwa wapi kazi ile, kwa sababu sote tulijua jibu: hakufundishwa mahali popote. Alianza kwa kubeba spika, akapandishwa kukunja nyaya, na siku moja fundi wake hakufika, akakabidhiwa mitambo.

Nataka leo nizungumzie mafunzo ya mafundi sauti, jambo ambalo najua kwamba baadhi ya wasomaji wangu wataliona dogo kulinganisha na yale tuliyoyazoea hapa: Katiba, ardhi, mikopo ya elimu ya juu. Ninawaomba subira. Nchi inayofanya shughuli zake kwa mdomo, kuanzia mkutano mkuu wa kijiji hadi Bunge, kuanzia mimbari hadi kizimbani, imeukabidhi mdomo huo kwa kundi la wafanyakazi ambalo haijawahi kulitambua, kulifundisha wala kulilinda.

Tuanze na majina yenyewe, maana majina husema mengi. Mitaani fundi sauti huitwa "mtu wa muziki", "fundi mitambo", na mara nyingine "DJ", hata kama hajapiga santuri maishani mwake. Mwenye vyombo huitwa bosi. Mbebaji huitwa deiwaka. Katika harusi, mshereheshaji huwekewa bajeti yake, mpambaji yake, mpiga picha yake; fundi sauti humezwa ndani ya kasma iitwayo "muziki", pamoja na spika, jenereta na gari la kubebea. Serikalini hali ni ile ile. Tazama nukuu za bei zinazoletwa katika ofisi za umma kwa ajili ya maadhimisho: utakuta "kukodi mfumo wa sauti", idadi ya siku na jumla. Mtu atakayeuendesha mfumo huo hayumo kwenye karatasi. Amechukuliwa kuwa sehemu ya waya.

Haikuwa hivi wakati wote. Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza kurusha matangazo mwaka 1951, na baadaye ilipokuwa Radio Tanzania, fundi mitambo wa redio alikuwa mtumishi mwenye cheo, ngazi ya mshahara na mkuu wake wa kazi. Bendi zetu kubwa za miaka ya sabini zilirekodiwa na watu hao, katika studio za redio ya taifa, kwa maikrofoni chache na tepu ambazo hazikuruhusu kurudia rudia. Anayebisha ubora wa kazi yao azisikilize rekodi hizo leo: tarumbeta iko mahali pake, besi haijaimeza sauti ya mwimbaji, na kila neno linasikika. Maarifa hayo yalipatikana kwa kukaa chini ya fundi mkubwa kwa miaka, yakaongezewa kozi za ndani na za nje. Redio ya Ujerumani, Deutsche Welle, ilianzisha kituo chake cha kuwafunza watangazaji na mafundi kutoka nchi zinazoendelea mwaka 1965. Waholanzi walianzisha cha kwao huko Hilversum mwaka 1968. Majirani zetu wa Kenya waliamua jambo hilo mapema zaidi: chuo chao cha mawasiliano ya umma jijini Nairobi, kinachojulikana kwa kifupi KIMC, kilianzishwa mwaka 1961 hasa kwa ajili ya kuwaandaa mafundi wa redio ya taifa.

Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993 ilifungua mlango wa vituo binafsi, na mlango huo ulipaswa kufunguliwa. Lakini pamoja na faida zake zote, mabadiliko yale yalivunja ngazi ya zamani ya uanagenzi bila kujenga nyingine. Redio zikaongezeka, studio za vyumbani zikaota kama uyoga, makanisa na misikiti ikanunua vyombo vyake, kumbi za sherehe zikajengwa hadi vijijini, na mahitaji ya mafundi sauti yakaongezeka mara nyingi. Ngazi ya kuwazalisha ikabaki ile ya aliyebeba spika jana kukabidhiwa mitambo leo.

Kwa kuwa wengi wetu hatujui fundi sauti hufanya nini hasa, niruhusuni nieleze kidogo, japo mimi si fundi. Sauti husafiri hewani takriban mita 343 kwa sekunde katika nyuzijoto 20. Kwa hesabu hiyo, mtu aliyekaa mita 70 kutoka jukwaani hufikiwa na sauti ya spika za mbele baada ya sehemu mbili za kumi za sekunde. Waandaaji, kwa nia njema, huweka spika nyingine karibu naye ili asikie vizuri. Umeme ndani ya waya hausubiri mtu. Spika ya karibu humfikia papo hapo, na ile ya mbele hufika baadaye ikiwa mwangwi wa neno ambalo tayari limekwisha kusemwa. Silabi ya kwanza inaikanyaga ya pili. Ndiyo sababu katika viwanja vyetu unasikia kelele kubwa na huambulii neno. Dawa yake ni kuichelewesha ile spika ya nyuma kwa muda huo huo wa sehemu mbili za kumi za sekunde. Mitambo mingi ya kidijitali inayouzwa Kariakoo leo ina kitufe cha kufanya hivyo. Kitufe kipo. Aliyenunua hakuambiwa ni cha nini, na anayekitumia hajui kwamba kipo.

Au chukua suala la kupandisha sauti. Nguvu nyingi ya usemi wetu imo katika irabu, na irabu hukaa katika masafa ya chini. Maana ya neno, kwa kiasi kikubwa, hubebwa na konsonanti kama "s", "f", "sh" na "t", ambazo hukaa katika masafa ya juu na zina nguvu ndogo sana. Ukumbi wenye sakafu ya vigae, kuta tupu na paa la bati huzirefusha irabu kwa mwangwi hadi zinazifunika konsonanti. Fundi asiyefundishwa huongeza sauti. Irabu hukua zaidi, konsonanti huzama zaidi, na wasikilizaji hupata maumivu ya kichwa badala ya taarifa. Fundi aliyefundishwa hupunguza masafa ya chini, huinamisha spika ziwaelekee watu badala ya kuta, humsogezea msemaji maikrofoni, na mara nyingi hushusha sauti. Inashangaza mwanzoni, lakini ukumbi mzima hunyamaza kwa sababu sasa unasikia.

Haya si mambo ya miaka minne ya chuo kikuu. Nasema hivyo nikiwa mtu ninayekula kwa chuo kikuu. Ni mambo ya wiki chache za mafunzo yaliyopangwa vizuri, pamoja na mazoezi ya miaka kadhaa chini ya jicho la anayejua.

Sasa niseme juu ya hatari, maana hapa ndipo panaponiuma. Mtu anayetaka kufunga nyaya za umeme katika nyumba yako ya vyumba viwili anatakiwa kuwa na leseni ya EWURA, na vema iwe hivyo. Kijana anayevuta umeme kutoka kwenye jenereta la kukodi, akausambaza kwa spika, taa na vyombo vya bendi juu ya jukwaa la chuma, mara nyingi uwanja ukiwa na unyevu, hakuna anayemuuliza chochote. Waimbaji wengi wa bendi na kwaya watakusimulia siku waliyopigwa shoti mdomoni walipogusa maikrofoni huku wameshika gitaa. Sababu yake inajulikana: vifaa viwili vimeunganishwa kwenye njia mbili za umeme, mmoja wake haujafikishwa ardhini, na mwili wa mwimbaji unakuwa daraja. Wapo mafundi ambao, ili kuondoa mvumo kwenye spika, hukata waya wa ethi wa plagi. Mvumo unaondoka kweli. Kinga nayo imeondoka, na fundi anayefanya hivyo hajui kuwa ameweka kifo pale alipotoa kelele.

Hatari ya pili haina mshindo. Kanuni inayotumika sana katika afya ya kazini ni kwamba mtu anaweza kukaa katika kelele ya desibeli 85 kwa saa nane kwa siku. Kila zinapoongezeka desibeli tatu, muda salama hupungua kwa nusu: desibeli 88, saa nne, desibeli 91, saa mbili, ukifika desibeli 100, umebakiwa na dakika 15. Harusi zetu za ukumbini, mbele ya spika, zinafikia kiwango hicho bila shida na kukipita, nazo huchukua saa sita. Fundi sauti hufanya harusi mbili au tatu kwa wiki, hapo sijataja mkesha wa Ijumaa na ibada ya Jumapili. Vinyweleo vidogo vilivyomo ndani ya sikio, ambavyo ndivyo vinavyopokea sauti, vikifa haviroti tena kwa binadamu. Vinavyotangulia kufa ni vile vya masafa ya juu. Fundi huyo, akifika umri wa miaka 40, haisikii tena "s" vizuri. Anaongeza masafa ya juu ili yeye asikie, na anawaumiza wengine wote. Kwa hiyo ulemavu wake unageuka kuwa huduma tunayoilipia.

Nilizungumza na fundi mmoja wa Kinondoni ambaye ameifanya kazi hii tangu akiwa kijana mdogo. Nilimuuliza kama huvaa vizibo vya masikio. Alicheka. "Dokta, nikivaa hivyo bosi atasema sisikii kazi." Nikamuuliza kama masikio yake yako salama. Akaniambia kuwa usiku, akilala, husikia filimbi. Alidhani ni uchovu.

Tunayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 na wakala wake, OSHA. Tunao Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Lakini mfuko humlinda mfanyakazi ambaye mwajiri wake amesajiliwa na anachangia. Deiwaka anayelipwa mkononi saa nane usiku, baada ya bibi harusi kuondoka, haonekani kwenye daftari lolote. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa kiwango cha usikilizaji salama katika kumbi na matukio: wastani usiozidi desibeli 100 ndani ya dakika 15, vipimo vinavyosimamiwa na mtu aliyeteuliwa, vizibo vya masikio kwa wahudhuriaji, sehemu tulivu za kupumzikia. Miongoni mwa masharti hayo limo pia la mafunzo kwa watumishi wa ukumbi. Sisi, mwaka uliofuata, tulishuhudia NEMC ikifungia baa na kumbi nyingi za starehe kwa kelele. Sikuona ubaya kwa mamlaka kutekeleza sheria; majirani wana haki ya kulala. Lakini nilijiuliza: katika kumbi zote zile zilizofungwa, je, yupo fundi mmoja ambaye aliwahi kuonyeshwa jinsi ya kuigeuza spika isielekee kwenye nyumba za watu? Faini alitozwa mwenye baa. Ujuzi haukuongezeka hata chembe, na kumbi zilipofunguliwa, spika zilirudi pale pale.

Wapo watakaosema kwamba vyuo vipo. Ni kweli, na sitaki kuvidharau. Bagamoyo tuna Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, iliyoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa, na imewatoa watu wengi wa jukwaani. Zanzibar kipo chuo cha muziki cha nchi za majahazi, DCMA, na lipo tamasha la Sauti za Busara, ambalo tangu mwaka 2004 limekuwa likiwaleta wasanii na mafundi Ngome Kongwe. Kijana mwerevu aliyebahatika kusaidia kazi katika jukwaa kama lile hujifunza kwa siku nne mambo ambayo mtaani yangemchukua miaka. Tatizo ni kwamba bahati haiwezi kuwa mfumo wa elimu. Na vyuo vyetu, kwa hulka yake, vinamfikiria msanii kwanza: mwimbaji, mpiga ala, mwigizaji. Fundi huwa kiambatisho cha sanaa.

Wajerumani, ambao hupenda kupanga kila kitu, waliifanya ufundi wa matukio kuwa fani rasmi ya uanagenzi mwaka 1998. Kijana hujifunza kwa miaka mitatu, sehemu ya muda akiwa shuleni na sehemu kubwa akiwa kazini katika kampuni, ukumbi au jumba la maonyesho. Anafundishwa sauti, taa, umeme, usalama wa vyuma vinavyoning'inia juu ya vichwa vya watu, na sheria. Baadaye anaweza kupanda hadi ngazi ya fundi mkuu. Simtaji Mjerumani ili tumwige. Namtaja kwa sababu msingi wa mfumo wake ni kitu ambacho sisi tayari tunacho: mwanafunzi chini ya fundi. Tulichokosa ni mtu wa kukiangalia, kukipima na kukipa cheti.

Na hapo nina habari njema kwa watumishi wa umma wanaosoma makala hizi. Zana zote zipo tayari, hazijatumika tu kwa kundi hili. VETA inao utaratibu wa kutambua na kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, na kwa utaratibu huo waashi, maseremala, wapishi na mafundi magari waliojifunzia mtaani wamepimwa na kupewa vyeti. Serikali imekuwa na programu ya uanagenzi chini ya ofisi inayoshughulika na kazi na vijana. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali katika sekondari. Waajiri wanalipa tozo ya kuendeleza ufundi stadi, ambayo mwaka 2023 ilipunguzwa hadi asilimia 3.5 ya mishahara, na wanaoilipa ni pamoja na hoteli, vituo vya redio na televisheni, na kampuni za matukio zilizo rasmi. Maana yake ni kwamba wanaotumia huduma ya mafundi sauti wameshalipia sehemu ya mafunzo yao. Anayedaiwa ni mfumo.

Kitakachohitajika zaidi ni akili ya kupanga, na hapa ninaona wataalamu wetu wa mitaala wakikosea kabla hawajaanza. Wataandika kozi ya miezi sita, Jumatatu hadi Ijumaa, saa mbili asubuhi hadi saa tisa alasiri, sifa ya kujiunga ufaulu wa kidato cha nne, lugha ya kufundishia Kiingereza. Kozi hiyo itawapata vijana wengine kabisa, siyo wale walio nyuma ya mitambo leo. Fundi sauti hufanya kazi Alhamisi hadi Jumapili. Siku zake ni Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Msimu wake mkavu unajulikana na kila mwenye ukumbi: mwezi wa Ramadhani Waislamu hawafanyi harusi, na katika Kwaresma Wakatoliki na Walutheri wengi hawafanyi sherehe. Katika miaka hii misimu hiyo miwili imekuwa ikikaribiana na hata kuingiliana, na vijana wa mitambo hukaa vijiweni wakisubiri Pasaka na Idi. Huo ndio muhula wa chuo. Mpimaji naye asiwaite darasani kujibu maswali ya kuchagua. Awafuate wakiwa wanafunga vyombo saa nne asubuhi, aangalie wanavyoweka ethi, wanavyopanga spika, wanavyotatua mluzi, kisha awaulize kwa Kiswahili kwa nini wamefanya hivyo.

Suala la lugha linastahili neno la ziada. Vitufe vya mitambo vimeandikwa kwa Kiingereza, na maelekezo ya mtengenezaji ni ya Kiingereza au Kichina. Vijana wamejitengenezea istilahi zao, nyingine za kuvutia: sauti "nene", sauti "kavu", spika "inakoroma", mwimbaji "amezama". Hayo ni maelezo ya kitaalamu kabisa ya matukio ya kifizikia. Badala ya kamati kukaa hotelini kubuni maneno mapya, wanaisimu wetu, na hapa nawasema wenzangu wa taaluma, wangekwenda kwenye kumbi kuyakusanya, kuyalinganisha na vipimo, na kuandika kijitabu kimoja chepesi cha kurasa sitini. Hakuna mwanafunzi wangu wa uzamili ambaye amewahi kuniletea pendekezo la namna hiyo, na ningelipitisha siku hiyo hiyo.

Kuna wanawake wachache mno katika kazi hii, na sababu inayotolewa ni uzito wa spika. Sioni kuwa ni sababu ya kweli. Aliyekwisha kuwaona wanawake wetu wakibeba maji na kuni hawezi kuitamka bila aibu. Sababu ya kweli ni mlango wa kuingilia: kama njia pekee ya kuwa fundi ni kulala juu ya gari la vyombo saa tisa usiku pamoja na wanaume wanane, wazazi wengi hawatamruhusu binti yao, na binti mwenyewe ana sababu za kuogopa. Njia ya kuingilia ikiwa ni darasa na uanagenzi unaosimamiwa, hesabu itabadilika. Mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo sehemu yake ni ya vikundi vya wanawake na vijana, hutumika mara kwa mara kununua seti za muziki za kukodisha. Kuweka mafunzo ya siku kumi kuwa sehemu ya mkopo wa namna hiyo kungegharimu chini ya bei ya spika moja.

Najua swali ambalo wanaharakati watauliza, kwa sababu ningeliuliza mimi pia: je, huu si mwanzo wa leseni nyingine, kibali kingine, ada nyingine na askari wa jiji mwingine mlangoni? Wasanii wetu wana historia ndefu ya kuombwa karatasi. Hofu hiyo ni ya haki, na ndiyo maana napendekeza cheti bila kupendekeza leseni. Cheti humpa mtu nguvu ya kudai malipo bora. Leseni humpa ofisa nguvu ya kumzuia mtu asifanye kazi. Serikali haihitaji kumlazimisha kila fundi wa kila kigodoro. Inahitaji kuanza na fedha yake yenyewe: pale ambapo ofisi ya umma inakodi mfumo wa sauti, nyaraka za zabuni ziseme kwamba gharama ya fundi itajwe peke yake, kwamba fundi huyo awe na cheti cha ujuzi, na kwamba jukwaa lisiwashwe kabla ya ethi kupimwa. Serikali ndiyo mteja mkubwa wa mikutano katika nchi hii. Mteja mkubwa akibadili masharti, soko hufuata bila mgambo.

Upande wa umeme ndio pekee ambao ningekubali ulazima, kwa sababu shoti haichagui kati ya mwenye cheti na mwimbaji wa kwaya.

Nimalizie na mahali ambapo kelele si tatizo kabisa. Mahakama yetu imeanza kutumia mfumo wa akili unde kunukuu na kutafsiri mwenendo wa mashauri, hatua ambayo itawapunguzia majaji na mahakimu mzigo wa kuandika kwa mkono. Mfumo huo hauna sikio jingine isipokuwa maikrofoni. Shahidi mzee kutoka kijijini, anayezungumza taratibu huku ameinama, na feni ya dari ikizunguka juu yake, anaweza kusema kuwa hakumwona mshtakiwa. Itategemea maikrofoni imewekwa umbali gani na mdomo wake, imeelekezwa wapi, na kiwango cha kupokea sauti kimepangwaje. Hilo haliamuliwi na jaji, wala wakili, wala mtunzi wa programu. Linaamuliwa asubuhi, kabla mahakama haijaketi, na mtu mmoja mwenye ufunguo wa chumba. Ningependa kujua muundo wa utumishi umempa cheo gani mtu huyo, na mara ya mwisho alipelekwa lini kwenye mafunzo. Walio katika ofisi zinazohusika, na najua mnasoma, wanaweza kunijibu. Nitalichapisha jibu hapa kama lilivyo.